Cheti cha Jumamosi

Walimchagua Lorna Hostler kwa sababu meza yake iko karibu na mlango. Sababu nyingine haikuwepo, wala hakuna aliyejisumbua kuitafuta. Bodi ya shule ya Pickerel Run ilikuwa imekaa Jumanne jioni ikapiga kura, watano kwa wawili, kwamba mtumishi mmoja pale shuleni awe na bastola. Jumatano asubuhi mwalimu mkuu, Bwana Ostrander, akaja kumsimamia karani wake mezani, kikombe cha kahawa kakishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kuomba radhi akabadili nia njiani.

Alimweleza kwamba bodi inamwamini. Silaha itakaa ndani ya sanduku la chuma chini ya meza yake, ufunguo atakuwa nao yeye, na mafunzo yamekwisha pangwa. Ni Jumamosi moja tu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kwenye ukumbi wa zimamoto. Mwalimu ni Chet Varney.

"Chet shemeji yake Roland?" Lorna akauliza. Roland Tibbs ndiye mwenyekiti wa bodi.

"Ana leseni zote."

"Sijauliza leseni."

Ostrander akanywa kahawa. Akasema si lazima, hakuna anayemlazimisha mtu. Kisha, akitazama dirishani, akaongeza kwamba bodi hiyo hiyo inapitia upya saa za makarani kwa mwaka ujao, na ingependeza waone moyo wa kujitolea. Lorna alimwelewa. Miaka kumi na sita amekaa kwenye meza ile. Anawajua watoto mia mbili na kumi na wawili kwa majina, anajua nani ana pumu na dawa yake iko droo gani, anajua baba yupi mahakama imemkataza kumchukua mwanawe. Mmoja wa baba hao aliwahi kuingia akitukana, ngumi kazikunja, na Lorna alimtuliza kwa maneno matupu kwa dakika ishirini mpaka polisi walipofika. Wakati ule hakuna aliyemwambia kwamba anaaminiwa.

Hakuwa mtu wa kuogopa bunduki. Mumewe huwinda kulungu kila Novemba, naye mwenyewe ameangusha wawili. Kilichomkaa rohoni ni kwamba mlango wake unafunguka kwenye korido, na korido ile saa tano na nusu hujaa watoto wanaokwenda kula. Binti yake Maren, wa darasa la tatu, ni mmoja wao.

Jumamosi akaenda.

*

Chet Varney aliwapokea na maboksi mawili ya donati na kizibao chenye mifuko kumi na kitu. Wanafunzi walikuwa tisa, Lorna na wanakijiji wengine wanane. Saa tatu za kwanza alijizungumzia yeye. Alisimulia alivyomnyang'anya mtu kisu nje ya baa, alivyohisi hatari mgongoni kabla haijatokea, alivyowaambia polisi namna ya kufanya kazi yao. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile la Chet lilivuma mpaka donati zikaisha.

Alipotoa bastola hatimaye, aliishika jinsi watu wengine wanavyoshika kalamu wakiongea. Kila alipogeuka kusisitiza neno, mtutu nao ulizunguka. Ulipita juu ya safu ya mbele, ukarudi, ukapita tena. Lorna alihesabu mara nne ukimpitia kifuani. Mtoto wa miaka saba katika kijiji kile, ukimpeleka kuwinda, anajua kwamba hakuna bunduki isiyo na risasi, hata ile uliyoitoa risasi mwenyewe. Ukimwelekezea mtu mtutu unarudishwa nyumbani, na mwaka mzima unalala ukisikia wenzako wakienda.

"Chet, mtutu huo," alisema.

"Haina kitu, mama. Tulia."

Watu wakacheka kidogo, na Lorna akajisikia uso unamwaka. Alisubiri wakati wa maswali. Akauliza, ikiwa watoto wanakimbia kwenye korido na mtu mwenye silaha yuko nyuma yao, yeye afanye nini. Hilo ndilo swali lililomleta. Chet alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Unampiga anayestahili kupigwa, mama. Ukiwa na moyo safi, mkono hautakosea."

Mchana waliwapeleka nyuma, kwenye shimo la kokoto. Kila mtu alipiga risasi kumi kwenye karatasi iliyokuwa hatua tatu mbele yake, umbali ambao ungeweza kuirushia karatasi hiyo kiatu na ukaipata. Mzee Leonard Fisk, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, aliuliza karatasi yake ni ipi. Wakamwonyesha. Risasi nne zikaipata, na wakampigia makofi.

Saa nane kasoro robo vyeti vilikuwa vimegawiwa, kwa kuwa Chet alitaka kuwahi mpira. Vilikuwa na tai wa rangi ya dhahabu, na jina la kila mtu limepigwa chapa tangu Ijumaa. Lorna alilitazama jina lake pale. Kumbe alikuwa amefaulu kabla hajaondoka nyumbani. Alivishwa kilemba cha ukoka, na alitakiwa kushukuru.

*

Garth, mumewe, alikibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku ya umbo la jogoo. Ni mtu mpole, fundi wa mizani kwenye maghala ya nafaka, na siku ile alifurahi kwa dhati. Hasira ya mkewe haikumwingia akilini. Alimwambia, kama mafunzo ni mabaya, si yamekwisha? Cheti kiko, na sanduku huenda lisifunguliwe hata siku moja.

Jumatatu, saa ya chakula, Lorna alifanya kile anachokijua kuliko watu wote wa Pickerel Run. Alishika simu. Kwa miaka kumi na sita ameajiri walimu wa muda kwa kuwapigia waajiri wao wa zamani, na amejifunza kwamba ukimuuliza mtu uzuri wake atakujazia gunia la sifa. Kwa hiyo aliwatafuta watatu wanaofundisha silaha katika mwendo wa saa mbili kwa gari, akawauliza wote swali moja tu. Ni wangapi wameshindwa kwako?

Wa kwanza alisema hakuna, na kwamba hilo ndilo wanalojivunia. Wa pili alisema mteja hashindwi, kisha akamuuliza anavaa fulana saizi gani, kwani fulana imo kwenye bei. Wa tatu alikuwa mwanamke, Imogene Pruitt, aliyestaafu kazi ya polisi. Huyo alihesabu kwanza.

"Mara ya mwisho walikuja kumi na wawili. Walishindwa watano. Mmoja alikuwa askari, na alinitukana." Kisha naye akauliza la kwake. "Wewe ukishindwa, utafanya nini?"

Lorna akasema anataka nafasi.

"Siku nne. Njoo na viatu visivyoteleza, na picha ya mtu unayempenda. Kubwa kiasi."

Usiku kwenye chakula ulizuka ugomvi. Siku nne zilikuwa likizo yote iliyobaki, na ada ingekula fedha za kukodi nyumba ya ziwani waliyomwahidi Maren kwa majira ya joto. Garth aliweka uma chini. Alisema baba yake alimfundisha nyuma ya ghala akiwa na miaka minane, bila kumlipa mtu hata senti, na mpaka leo hajawahi kumjeruhi kulungu akamwacha akiteseka. Akasema kama Lorna anataka kufundishwa, atamfundisha yeye, Jumapili baada ya kanisa.

"Kulungu hana watoto wa watu mbele yake," Lorna alisema.

"Unanidharau."

"Sikudharau. Najiogopa mimi."

Garth alisogeza sahani yake akaenda kutazama televisheni, na kwa siku tatu walisemezana habari za takataka na bili tu. Lorna alikwenda hivyo hivyo, na ile nyumba ya ziwani ikafutwa. Picha aliyochukua ni ya Maren, ile kubwa ya shule inayopigwa kila Oktoba, gauni la njano, meno mawili ya mbele hayapo.

*

Siku ya kwanza hakuna aliyegusa risasi. Imogene Pruitt, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi alizozikata mwenyewe, aliwafundisha kushika, kusimama, kuelekeza mtutu chini na kuuacha huko. Aliyesahau alitolewa nje kwa saa nzima, hata kama kuna mvua. Mtu mmoja mwenye duka la matairi alitolewa mara mbili, akapanda gari lake akaenda zake, naye Imogene alimrudishia nusu ya fedha bila ya kumwita arudi. Siku ya pili walizungumza sheria mpaka vichwa vikauma. Siku ya tatu walipiga. Lorna, kwa hatua saba, aliweka risasi zake mahali ambapo kisahani cha kikombe kingezifunika zote. Usiku ule kwenye hoteli ya barabarani Lorna alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile. Alijiona anaweza.

Siku ya nne waliingia mmoja mmoja ndani ya nyumba ya matairi na mbao, iliyokatwa vyumba na korido. Kengele ya shule ililia kutoka kwenye spika, kengele ile ile anayoibonyeza yeye kila siku. Zikafuata sauti za watoto, wengi, wakilia na kuitana. Lorna alijua ni kanda tu. Mwili wake haukujua. Alifika pembeni, akachungulia, akaona mtu mwenye bunduki mwisho wa korido, akapiga mbili kama alivyofundishwa.

Imogene aliwasha taa, wakaenda pamoja.

Yule mtu wa mbao alikuwa na tundu moja begani. Mbele yake, kwenye ubao mdogo wa kimo cha mtoto, alikuwapo Maren, amecheka, meno hayapo. Risasi nyingine ilikuwa imepita kwenye ukosi wa gauni la njano.

Lorna hakulia mara moja. Kwanza zilimpanda hasira, za kweli, mpaka alisogeza mikono yake mbali na kiuno ili asije akaigusa silaha.

"Wewe ni mkatili," alisema. "Mwanamke mzima. Umeniomba picha ya mwanangu kwa ajili ya hili?"

"Ndiyo. Nikibandika mtoto wa gazetini, watu huniambia hawakumwona kwa sababu hawamjui." Imogene alibandua picha taratibu, akampa. "Nimewahi kufika baada ya mtu mwenye moyo safi kupiga. Ilikuwa korido kama hii. Sitaki ukayaonee huko. Yaone hapa, yakiwa karatasi."

Kwenye fomu aliandika kwa herufi kubwa HAJAFAULU, tarehe, umbali, na sahihi yake. Alimwambia arudi majira ya kuchipua akitaka, kwa kuwa wengi wanaofaulu ni wale waliorudi. Lorna aliendesha gari saa mbili kuelekea nyumbani, akasimama mara moja kando ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na hapo ndipo alipolia.

*

Garth alikuwa ameandaa maneno yake. Alipoiona picha mezani, yalimwishia. Aliigeuza, akaweka kidole chake kinene juu ya tundu, akauliza umbali. Akaambiwa. Akauliza mwanga ulikuwaje, akaambiwa. Akakaa.

"Hata mimi ningepiga," alisema mwishowe.

Kabla hawajaificha, Maren aliingia kutafuta maziwa, akaiona. Lorna akamweleza kwa ufupi kwamba yalikuwa majaribio, na mama amekosea. Mtoto aliitazama picha yake bila ya kuogopa, kwa udadisi tu.

"Nilikuwa nimesimama wapi?"

"Mbele ya mtu mbaya."

"Basi ungeniambia nisogee," Maren alisema, akafungua friji. Ule mlango ulipofunguka, cheti cha Chet kikatikisika. Garth alikitoa chini ya jogoo, akakilaza juu ya kabati kifudifudi.

*

Kwenye mkutano wa bodi kila mwananchi hupewa dakika tatu. Kuna taa ndogo mbele ya mwenyekiti, ya kijani, ya njano, kisha nyekundu. Lorna alijiandikisha wa kwanza. Aliinua picha juu ili watu wote saba waione, akawaambia ni nani na tundu ni la nani. Akawaambia kwamba kwa Chet Varney alifaulu kabla ya kuamka, na kwamba mtu asiyeona karatasi yake amepewa cheti kama cha kwake. Aliwaambia hakuja kubishana kama bunduki iwepo au isiwepo. Amekuja kuwaambia kwamba mwalimu anayejua kazi amempima akamkuta hawezi, na kwamba sasa wanajua, kwa hiyo wasije wakasema hawakujua.

"Binti yangu ameniuliza kwa nini sikumwambia asogee. Mimi nauliza nyinyi, mlipoketi hapa Jumanne ile, kuna mmoja wenu aliyeuliza watoto watakuwa wamesimama—"

Taa ikawa nyekundu, na kengele yake ndogo ikalia. Roland Tibbs alimshukuru. Alikuwa na sauti ya upole sana, sauti ya mtu anayemfungulia bibi mlango atoke.

"Kwa ajili ya kumbukumbu tu, Lorna. Una cheti?"

"Ninacho cha Jumamosi."

"Basi bodi imetimiza wajibu wake. Hayo mengine umejitakia kwa fedha zako, na tunakupongeza kwa bidii."

Funika kombe mwanaharamu apite. Wakaingia ajenda iliyofuata, ya kupaka rangi upya sakafu ya ukumbi wa michezo, na hapo kila mmoja akawa na la kusema. Walibishana dakika arobaini kama samaki wa nembo ya shule aliyechorwa katikati abaki wa kijani au awe wa buluu. Taa ile haikuwashwa. Mjumbe mmoja, mama aliyepiga kura ya hapana, alimtazama Lorna kisha akashusha macho kwenye karatasi zake. Lorna alikaa mpaka mwisho, picha magotini, akiwa na hasira zilizofika mahali pa utulivu.

*

Jumatatu alilikuta sanduku la chuma limefungwa kwa skrubu chini ya meza yake, pale alipokuwa akiweka viatu vyake vya theluji. Ufunguo ulikuwa ndani ya bahasha. Ostrander akaja na kahawa yake na kitu kingine kwapani, nakala ya cheti chenye tai, ndani ya fremu nyeusi yenye kioo. Bodi inaomba kitundikwe kando ya dirisha la mapokezi, alisema, ili wazazi wakija wapate utulivu wa moyo.

"Nitakitundika sasa hivi," Lorna alisema, na Ostrander akaenda zake akiwa amepumua.

Alikitundika vizuri, akakinyoosha. Kisha akatoa mkobani fremu ya pili, nyeusi vile vile, aliyoinunua Jumamosi mjini, akaitundika kando yake, usawa mmoja. Ndani yake alikuwamo Maren na gauni lake la njano na tundu lake, na chini yake fomu ya Imogene Pruitt imekunjwa ili neno moja, tarehe na umbali visomeke. Maren mwenyewe alikuwa ameulizwa. Alisema sawa, ila mama aandike kwamba meno yameshaota.

Chini ya dirisha lile ndipo lilipo daftari la wageni. Kila mzazi anayemleta mtoto aliyechelewa, au anayekuja kumchukua kwenda kwa daktari wa meno, husimama pale kuandika jina lake, na hana pengine pa kutazama. Mwenye macho haambiwi tazama. Ilipofika saa nne walikuwa wameandika kumi na mmoja, na wanne kati yao walirudisha kalamu kabla ya kumaliza majina yao, wakauliza swali moja lile lile, kama huyu aliyeshindwa ndiye atakayeshika bastola. Lorna akawaelekeza ukurasa wa bodi, namba ya simu ya nyumbani kwa Roland Tibbs, na siku ya mkutano ujao. Mmoja alikuwa binti yake Leonard Fisk, yule mzee mwenye mtoto wa jicho. Alisoma cheti, akasoma fomu, akaenda kukaa ndani ya gari lake muda mrefu bila ya kuliwasha.

Saa nne na nusu Ostrander alitoka ofisini mwake mbiombio, simu yake bado inaita mfukoni. Alisimama mbele ya dirisha, shingo imemwiva. Mzazi mmoja, mwanamume mwenye kofia ya kiwanda cha maziwa, alikuwa pale ameshika kalamu, akisikiliza bila ya kujificha.

"Lorna," Ostrander alisema kwa sauti ya chini. "Toa kitu hicho ukutani."

Lorna aliisogeza bahasha ya ufunguo, ambayo bado haijafunguliwa, mpaka ikafika upande wa meza aliosimama mwalimu mkuu. Kisha akazitazama fremu zote mbili, moja baada ya nyingine.

"Kipi?" akamuuliza.

Yule mwanamume mwenye kofia aliweka kalamu chini, naye akasubiri jibu.